Kitabu cha urubani kilichouzwa dola 40 kilikuwa cha bure

Kalemie. Kila mara mngurumo wa ndege unaposikika upande wa ziwa, kijana mmoja wa miaka 17 huacha kazi aliyo nayo na kutoka nje. Wadogo zake hupiga kelele: "Ndeke! Ndeke!" Yeye hapigi kelele. Hutazama ndege inavyogeuka kabla ya kushuka, kisha hutazama moshi wa jiko la jirani unalalia upande gani. Aligundua zamani kwamba ndege hupenda kushuka ikiukabili upepo, na moshi ule humwambia mapema itakuja kutoka wapi.

Familia yake ilikimbia vita upande wa Nyunzu. Ilitembea kwa miguu, ikalala Niemba, ikafika Kalemie na masufuria mawili, mkeka na mfuko wa vitabu vya shule. Leo inapanga vyumba viwili si mbali na ziwa. Baba anapakia na kupakua mizigo ya maboti. Mama anauza ndagala. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Kijana hasemi kwamba atakuwa rubani wa ndege kubwa za abiria. Anachotaka ni kujua kuendesha ndege ndogo ya injini moja, kama vile mtu anavyoweza kujua kuendesha gari bila kuwa dereva wa kulipwa. Watu wakicheka, hucheka nao, kisha hurudi kwenye kaye yake ya hesabu.

Baba hakucheka. Siku moja alisikia kwamba katika kundi moja la WhatsApp kuna mtu anayeuza "kozi kamili ya urubani" kwa dola 40. Pesa hizo zilikuwa zinawekwa kidogo kidogo kwa ajili ya mtihani wa Exetat wa binti mkubwa. Baba alifikiri usiku mzima, na asubuhi akazituma kwa simu. Jioni faili likaingia: mamia ya kurasa kwa Kiingereza, picha za mabawa na saa za ndege. Hakuna mwalimu, hakuna somo la kwanza, hakuna cheti. Namba ya muuzaji ikaacha kuitika.

Binti mkubwa, ambaye anajua Kiingereza kidogo, alifungua kurasa za mwanzo na kusoma polepole. Kitabu kilitolewa na FAA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usafiri wa anga. Idara hiyo hukiweka kwenye tovuti yake kwa kila mtu, na hailipishi hata franka moja.

"Yaya, ni kusema walituiba?" kijana aliuliza.

"Kitabu si ya uongo," dada alijibu. "Ni bei ndiyo ya uongo."

Tangu siku ile baba hakutaka tena kusikia habari za ndege. "Mambo ya ndege si ya watu wa huku," alisema, na akatoka kwenda kazini.

Yaliyoipata nyumba hii yanaweza kuipata nyingine yoyote. Mji umejaa vijana waliotoka Nyunzu, Kongolo, Fizi na Uvira, wenye simu mkononi na shule iliyokatika katikati. Kila mmoja anatafuta njia, na pale panapokuwa na njaa ya masomo, hapakosi mtu wa kuuza chakula cha bure. Basi inafaa kusema waziwazi: anayeanza kujifunza urubani atapata wapi masomo mazuri, ayachukue kwa utaratibu gani, na mahali gani masomo ya kwenye simu hufikia mwisho wake.

Kwanza, leseni yenyewe. Anayetaka kuruka kwa kupenda tu, bila kulipwa, huomba leseni ya rubani binafsi. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinadai awe na miaka 17 au zaidi, awe amepita kwa daktari aliyeidhinishwa, ashinde mtihani wa nadharia na wa kuruka, na awe na saa 40 za kuruka, au 35 kama amefuata kozi iliyoidhinishwa. Nchini Kongo, mamlaka inayohusika na leseni ni AAC, Mamlaka ya Usafiri wa Anga wa Kiraia. Viwanja vya ndege viko mikononi mwa RVA. Hakuna kundi la WhatsApp linaloweza kutoa leseni, hata likiwa na picha nzuri ya ndege mbele yake.

Pili, kabla ya kupokea kitabu, faili au video yoyote, yafaa kuuliza maswali matatu. Nani ameandika? Ameandika kwa sheria ya nchi gani? Na ni toleo la mwaka gani? Bawa hubeba ndege kwa namna moja Marekani na Kalemie, kwa hiyo sura zinazoeleza bawa, injini na mawingu zinafaa popote. Lakini sheria za anga hubadilika toka nchi hadi nchi na toka mwaka hadi mwaka. Marekani, kwa mfano, kuna leseni ya michezo ambayo kima chake cha chini ni saa 20 tu za kuruka. Kijana wa Kongo akisoma hapo, anaweza kudhani amepunguziwa safari nusu nzima, na kumbe amesoma sheria ya watu wengine.

Kitabu kile cha dola 40 kinajibu maswali yote matatu vizuri. Jina lake ni *Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge*. Kina sura 17, kuanzia utangulizi wa kuruka hadi mwili wa binadamu unavyoteseka angani. Kwenye tovuti ya FAA kila sura inaweza kupakuliwa peke yake, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayenunua megabaiti za siku moja. Ndugu yake, *Airplane Flying Handbook*, anafundisha mikono: kupaa, kugeuka, kushuka. Naye ni wa bure.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Kalemie kitabu hicho kizuri sicho cha kwanza. Hapa fizikia na jiografia hufundishwa kwa Kifaransa. Ukimpa mtu somo jipya ndani ya lugha asiyoizoea, umembebesha magunia mawili kwa mara moja, na mara nyingi atayatua yote mawili njiani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni masomo ya BIA, cheti cha Ufaransa cha kuingiza vijana wa sekondari katika elimu ya anga. Cheti hicho kina sehemu tano: hali ya hewa, namna chombo kinavyoruka, vyombo vyenyewe na injini zao, safari, sheria na usalama, na historia. Kiingereza ni sehemu ya hiari. BIA si leseni na haimruhusu mtu kushika usukani, lakini ngazi yake ni ya mwanafunzi wa sekondari, na walimu wengi wa Ufaransa huweka masomo yao na mitihani ya miaka iliyopita kwenye intaneti bila malipo. Mwenye kumaliza sehemu hizo tano kwa Kifaransa akirudi kwenye kitabu cha Marekani, atakuta mambo anayoyajua yakiwa yamevaa nguo nyingine, na hapo Kiingereza kinaanza kuingia chenyewe.

Kiingereza hakikwepeki. ICAO hupima lugha ya marubani kwa ngazi sita, na anayeruka safari za kimataifa anatakiwa afikie angalau ya nne katika lugha anayotumia kwenye redio, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Mwanzo wake hauhitaji shule: herufi zinazotajwa kwa majina, Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu, zinashikwa kwa wiki moja na watoto wawili wanaorushiana majina yao barabarani.

Kwa mawingu kuna Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu ya shirika la hali ya hewa duniani, WMO, yenye picha za kila aina ya wingu. Kwa asiyeelewa bawa, shirika la NASA la Marekani lina masomo ya wanaoanza, mafupi na yenye michoro. Mwenye bahati ya kufikia kompyuta anaweza kupata FlightGear, programu ya kuigiza urubani isiyolipiwa. Yote haya yako kwa wenyewe walioyatengeneza. Anayeyauza ameyaokota hapohapo.

Video zinasaidia, lakini hula megabaiti haraka, na nyingi humfanya mtazamaji aone kwamba ameelewa kabla hajaelewa. Zipo pia programu za maswali na majibu zinazomfundisha mtu kukariri herufi ya jibu. Mtihani unaweza kushindwa au kupitwa kwa kukariri, upepo haukaririwi. Kipimo ni kimoja: baada ya kusoma sura, funga simu, chukua kaye, mweleze mtu asiyejua. Akikuuliza "kwa nini?" mara mbili nawe ukakwama, sura haijaisha.

Na hapa ndipo Kalemie, mji usio na shule ya urubani, unapokuwa na kitu ambacho faili halina. Una ziwa.

Wavuvi wa Tanganyika wanajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kitabu cha urubani kinaeleza sababu: nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kuziba nafasi. Wavuvi wanajua pia kwamba wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa. Kijana anayekaa jioni moja na mvuvi mzee na kuandika anachoambiwa, kisha akafungua sura ya hali ya hewa, anakuta nusu ya sura amekwisha kuisikia.

Joto nalo ni mwalimu. Ziwa liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi, na bawa hushika hewa kidogo. Saa nane mchana, joto likiwa digrii 30, ndege inayopaa Kalemie hujisikia kana kwamba iko mita 1,500 hivi. Inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu marubani wa ndege ndogo hupenda asubuhi.

Hesabu ya safari iko mbele ya macho. Kutoka Kalemie hadi Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ni karibu kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 180 kwa saa hutumia dakika 42 kwenda na 42 kurudi, jumla karibu dakika 84. Sasa weka upepo wa kilomita 30 unaosukuma kutoka nyuma wakati wa kwenda. Kwenda ni dakika 36. Kurudi, upepo uleule uko usoni, ni dakika 50. Jumla ni 86. Upepo ulikopesha dakika sita na ukadai nane. Anayedhani kwamba kwenda na kurudi hufidiana ataishiwa mafuta juu ya maji. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu, na haimhitaji mtu awe na dola hata moja.

Maneno ya baba, kwamba ndege si mambo ya watu wa huku, yalipata jibu shuleni. Mwalimu wa historia aliwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wabeljiji walileta ndege nne aina ya Short, zinazotua juu ya maji, walizopewa na jeshi la majini la Uingereza. Zilifungiwa ndani ya masanduku, zikaunganishwa Mtoa, kaskazini kidogo ya Kalemie. Mwezi wa Juni rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa na mwenzake hadi Kigoma kuishambulia meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo wazee wote wa pwani hii wanalijua: Liemba.

Behaeghe hakurudi kwao. Alikufa mwezi wa Desemba mwaka uleule, 1916, mahali panapoitwa Niemba.

Kijana aliposikia jina hilo aliinua kichwa. Niemba ndipo walipolala wakikimbia, mama akimfunika mtoto mdogo kwa kitenge. Hakujua kwamba mtu aliyevuka ziwa kwa ndege miaka zaidi ya 100 iliyopita aliishia pale walipopumzika wao. Mwalimu aliongeza jambo moja: katika vita ile Wakongomani walikuwa askari na wabeba mizigo, kiti cha rubani hakikuwa chao, wala kitabu cha rubani. Leo kitabu kiko wazi kwa kila mwenye simu. Ndiyo maana inauma zaidi kuona mtu anakiuzia maskini.

Jioni ile kijana alikuwa anasoma sura ya 10, inayohusu uzito na mizani ya ndege, na dada yake alikuwa anamsaidia maneno magumu. Sura inasema haitoshi kujua uzito wote. Lazima kujua umewekwa wapi. Uzito ukizidi nyuma, pua ya ndege huinuka, na rubani anaweza kushindwa kuirudisha. Walisoma aya hiyo mara tatu bila kuishika.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akikanda bega. "Mnasema nini hapo?" aliuliza.

Wakamweleza.

"Hiyo ni boti," baba akasema. Akachukua sanduku la viberiti, akalilaza juu ya kidole, akaanza kuweka mawe madogo. "Ukipakia mifuko yote nyuma, mbele inapanda juu, boti haisikii tena kasia. Ukiweka yote mbele, inakunywa maji. Kapita mzuri anakataa mzigo. Anasema: huu utabaki pwani."

Kijana aliandika kila neno. Mistari michache mbele, kitabu kilikuwa kinasema hivyohivyo: rubani ndiye anayepaswa kukataa mzigo kabla ya safari.

"Papa, sasa wewe ni mwalimu wa sura ya 10," dada alisema. Baba hakujibu, lakini kesho yake jioni alikuwa wa kwanza kuuliza wamefika wapi.

Kuna mambo ambayo kusoma hakutayatatua, na ni haki kuyasema mapema. Saa 40 za kuruka hazipatikani kwenye simu. Zinahitaji ndege, mwalimu mwenye leseni na maelfu ya dola. Shule zilizo karibu kwa msemaji wa Kiswahili ni kama zile za uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako pia iko klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1927. Si karibu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa shida. Mwenye kupata nafasi aanze na daktari kabla ya kulipa shule, maana macho au kifafa vinaweza kufunga mlango, na ni heri kujua hilo mapema. Na mtu yeyote anayetangaza bursi kisha akadai pesa za "kufungua faili" kwenye namba yake binafsi, aulizwe jina la shule, kisha shule yenyewe iulizwe kama inamjua. Kuuliza ni bure.

Kwa hiyo mtu anaweza kusoma miaka miwili na asiguse usukani. Je, amepoteza muda? Aliyeshika hali ya hewa, hesabu ya safari, Kiingereza cha redio na nidhamu ya kukataa mzigo uliozidi, ana kitu mkononi hata kama hatapaa. Uwanja wa ndege una kazi nyingine za ardhini. Ziwa lina maboti yanayozama kwa sababu hakuna aliyesema "huu utabaki pwani." Zaidi ya hayo, familia iliyokimbia inajua ni mizigo gani huachwa njiani. Masufuria huachwa. Mikeka huachwa. Kilichoko kichwani kilifika Kalemie chote.

Siku hizi Jumapili mchana vijana watano hukutana chini ya mwembe karibu na nyumba ile. Mmoja hupakua sura moja, wengine huipokea kwa Bluetooth, na kurasa zenye michoro hupelekwa kwenye fotokopi kwa pesa wanazochanga. Kwenye jalada la kaye ya kundi wameandika kwa kalamu nyekundu: "Haiuzwe."

Dola 40 hazikurudi. Dada anazitafuta upya kwa kuuza mandazi asubuhi, na mtihani hauko mbali. Lakini wiki iliyopita ndege ilipopita, aliyetoka nje wa kwanza alikuwa baba. Alitazama juu, kisha akatazama moshi wa jirani.

"Leo itashuka kutoka wapi?" aliuliza.

"Kaskazini, papa. Upepo unatoka kusini."

Wakasimama wote wawili kungoja. Ikaja kutoka kaskazini.